Kipupwe kimeingia: Hesabu pumzi za mwanao kabla ya kukimbilia dawa

Saa kumi na moja alfajiri pale Magogoni, upepo wa kusi unapiga kutoka baharini, na watu wanaoshuka kwenye pantoni kutoka Kigamboni wanatembea wamejikunyata. Wachuuzi wanaowahi samaki soko la Feri wamevaa masweta ya mitumba. Akina mama waliobeba watoto wamewafunika kwa khanga mbili na blanketi juu yake, wengine mpaka usoni.

Ni kipupwe, msimu wa Juni hadi Agosti, ambapo usiku wa Dar es Salaam hushuka hadi karibu nyuzi joto 18 au 19. Mtu wa Makete au Njombe atatucheka tukiita hiyo baridi. Lakini kwa mtu aliyezoea joto la Dar inatosha kubadilisha maisha ya nyumbani. Madirisha yanafungwa tangu magharibi, jiko la mkaa linaingizwa ndani, watoto wanalala wamebanana, na kikohozi kinachoanza kwa mmoja kinazunguka nyumba nzima.

Katika msimu huu, kila mwaka, wazazi wengi tunafanya makosa mawili kwa wakati mmoja. Mtoto mwenye mafua ya kawaida tunampa antibayotiki asizozihitaji. Mtoto mwenye nimonia tunamkalisha nyumbani, kwa sababu naye tunadhani ana mafua. Kinachowatofautisha watoto hawa wawili si kelele ya kikohozi wala wingi wa makamasi. Ni namna wanavyopumua. Na kupumua kwa mtoto mzazi anaweza kukutazama na kukuhesabu mwenyewe, bila kifaa chochote zaidi ya saa ya simu.

Baridi si ugonjwa

Tuanze na jambo linalotuchanganya. Mafua na nimonia haviletwi na upepo wa kusi. Vinaletwa na vijidudu, yaani virusi na bakteria, vinavyotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kwa kukohoa, kupiga chafya na mikono michafu. Kipupwe kinavisaidia kwa sababu kinatukusanya ndani. Watu watano wakilala chumba kimoja cha kupanga, dirisha limefungwa, hewa ya mmoja ndiyo hewa ya wote. Katika ghorofa mpya za Kariakoo hali si tofauti sana: madirisha ya alumini yakishafungwa, chumba hakipitishi hewa hadi asubuhi.

Ndiyo maana mtoto anaweza kuvalishwa sweta mbili na soksi za sufi na bado akaugua. Sweta linamkinga na baridi, lakini halimkingi na kaka yake aliyerudi shuleni na mafua, wala na baba aliyeshinda sokoni akishikana mikono na wateja mia na kufika nyumbani akambeba mtoto kabla hajanawa. Mwaka 2020, wakati wa korona, kila mlango wa duka ulikuwa na ndoo ya maji yenye koki. Ndoo nyingi zimeondoka. Vijidudu vya mafua havikuondoka.

Homa nyingi za watoto ni za virusi

Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza kwa kina watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la New England Journal of Medicine. Watoto 62 kati ya kila 100 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Malaria, ambayo ndiyo wazo la kwanza la wengi wetu, ilikutwa kwa watoto wasiozidi 11 kati ya 100. Na watoto 70 kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa wa virusi.

Antibayotiki haiui virusi. Kwa hiyo mzazi anayekwenda duka la dawa na kuomba "amoksilini ya mtoto" kwa ajili ya mafua, mara nyingi ananunua dawa isiyo na kazi ya kufanya mwilini mwa mwanawe. Mtoto anapona siku ya sita au ya saba, kama ambavyo angepona bila dawa, lakini sifa inakwenda kwenye chupa. Mafua yajayo tunarudi dukani. Wengine tunanunua nusu dozi kwa sababu fedha haitoshi, au tunampa mdogo mabaki ya dawa ya kaka yake. Matokeo yake ni kuhara, vipele kwa baadhi ya watoto na, kwa mji mzima, bakteria wanaozoea dawa. Siku mtoto anapoihitaji kweli dawa hiyo, huenda isimsaidie.

Lakini utafiti huohuo una upande wa pili. Katika watoto wale wenye maambukizi ya njia ya hewa, 5 kati ya 100 walithibitika kwa picha ya eksirei kuwa na nimonia. Watano kati ya mia ni wachache, ila ni watoto wa watu, na kwao kuchelewa siku moja ni jambo zito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 nimonia iliua zaidi ya watoto 740,000 wenye umri chini ya miaka mitano duniani. Kazi ya mzazi wakati wa kipupwe ni kuwatambua hao wachache mapema.

Usiku wa siku ya nne

Chukulia nyumba moja ya kupanga, mtaa wowote wa Kariakoo. Mtoto ana miezi minane. Siku ya kwanza ana makamasi. Siku ya pili anakohoa na mwili una joto. Bibi anasema ni meno. Siku ya tatu mama ananunua dawa ya kikohozi na parasetamoli. Usiku wa siku ya nne homa imeshuka na kikohozi kimepungua. Nyumba nzima inashukuru, taa inazimwa.

Lakini mama anayenyonyesha anahisi kitu. Mtoto anashika titi, ananyonya mara mbili, anaachia. Anahema. Tumbo linapanda na kushuka upesi upesi. Mama anamwambia mwenzake, naye anajibu kwa usingizi: "Si homa imeshuka? Ngoja kukuche."

Kama mama huyo angefunua fulana ya mtoto na kuhesabu kwa dakika moja, angepata pumzi 64. Kwa mtoto wa miezi minane hiyo si nafuu. Homa imeshuka kwa sababu ya parasetamoli, na kikohozi kimepungua kwa sababu mtoto amechoka. Kinachosema ukweli ni pumzi.

Namna ya kuhesabu

Subiri mtoto atulie. Asiwe analia, ananyonya au ametoka kucheza. Akiwa amelala ni vizuri zaidi. Funua nguo hadi uone tumbo na kifua. Washa saa ya simu yenye kuonyesha sekunde. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima, si nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu watoto wadogo hawapumui kwa mpangilio sawa. Ukiwa na shaka, rudia.

Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka kupita kiasi. Wa miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, kikomo ni 50. Wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano, kikomo ni 40. Ziandike namba hizi nyuma ya kadi ya kliniki: 60, 50, 40. Ndizo namba wanazotumia wahudumu wa afya. Homa kali yenyewe inaweza kuongeza kasi ya pumzi, lakini hilo aliamue mhudumu baada ya kumwona mtoto, si wewe kitandani saa nane za usiku.

Baada ya kuhesabu, tazama. Je, sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila mtoto anapovuta hewa? Je, tundu za pua zinatanuka? Anaguna kila anapotoa pumzi? Midomo, ulimi au kucha vimekuwa vya bluu au kijivu? Dalili yoyote kati ya hizo inakutosha kuondoka nyumbani, hata kama hesabu haijafika kikomo.

Zipo pia ishara za hatari kwa ugonjwa wowote wa mtoto mdogo: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Degedege si shetani na halihitaji kufukizwa ubani kwanza. Linahitaji hospitali. Na mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa, mwenye mwili wa baridi isiyo ya kawaida au anayekataa titi, asisubiri hata saa moja.

Ruhusa na nauli viachwe mapema

Hapa tunataka kusema na akina baba, na akina mama wakwe pia kwa heshima zote. Mtoto mara nyingi hacheleweshwi na mama asiyeona. Anacheleweshwa na mama anayeona lakini hana nauli, au anayengoja ruhusa. Baba yuko safarini kufuata mzigo Tunduma, simu haipatikani. Mama mkwe anasema watoto wake wote walikohoa hivyohivyo na wakakua. Dada wa kazi aliyeachiwa mtoto tangu alfajiri anaogopa kumpigia bosi akiwa kazini.

Ushauri wetu ni huu: uamuzi ufanyike leo, kabla mtoto hajaugua. Baba atamke mbele ya wote nyumbani kwamba mtoto akionyesha ishara hizi, aliye naye anaondoka, simu itapigwa njiani. Fedha ya bajaji ya usiku iwekwe mahali panapojulikana na isiguswe kwa kununulia umeme. Namba ya dereva mmoja unayemwamini iwe kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumba. Dada wa kazi afundishwe kuhesabu pumzi kama alivyofundishwa kupika uji.

Ujue pia utakwenda wapi. Zahanati nyingi hufungwa jioni. Uliza mapema kituo gani cha karibu kinapokea watoto usiku. Kwa wa Kariakoo, Mnazi Mmoja iko hatua chache, na Hospitali ya Amana iko Ilala. Anayeishi Kigamboni ana Hospitali ya Vijibweni upande wake, na hana sababu ya kungoja pantoni na mtoto anayehema. Sera ya afya ya nchi yetu inasema mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Tunajua kuna siku dawa haipo na utaandikiwa ukanunue nje. Hata hivyo kuchunguzwa, kuwekewa oksijeni na kupewa rufaa ni vitu ambavyo duka la dawa haliwezi kumpa mwanao.

Akikutwa na nimonia isiyo kali, mara nyingi atapewa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka kwenye maji na atatibiwa nyumbani. Hapo ndipo antibayotiki ina kazi yake. Mpe kama ulivyoelekezwa na umalize dozi, hata akianza kucheza siku ya pili. Asipopata nafuu ndani ya siku mbili au tatu, mrudishe. Akizidiwa, mrudishe saa hiyohiyo.

Kama ni mafua tu

Umehesabu, pumzi ziko chini ya kikomo, kifua hakibonyei, ananyonya na anacheka. Hayo ni mafua, na tiba yake iko nyumbani. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Aliyezidi miezi sita apewe uji mwepesi, maji na supu. Supu ya samaki ya Feri haina haja ya kupewa sifa na daktari, inajieleza. Pua ikiziba, dondoshea matone ya maji ya chumvi yanayouzwa maduka ya dawa, kisha futa. Homa ikimsumbua, mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, si zaidi ya mara nne kwa saa 24. Asipirini usimpe kabisa. Aliyetimiza mwaka mmoja anaweza kulamba asali kidogo kutuliza kikohozi, lakini chini ya mwaka asali ni hatari kwake. Homa ikiendelea, mpeleke akapimwe malaria, usimpe dawa kwa kukisia.

Dawa za kikohozi za chupa hazina faida kwa watoto wadogo, na nyingine humlewesha mtoto usingizi kiasi kwamba huwezi kujua kama analala au amelegea. Na kikohozi cha mafua kinaweza kudumu hadi wiki mbili au tatu. Kikizidi hapo, arudi kituoni, hasa kama nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu.

Mvalishe nguo nyepesi mbili tatu badala ya blanketi moja zito, fulana ya pamba iwe ndani. Akiwa na homa mpunguzie, usimfunike. Kuoga hakumdhuru: maji ya vuguvugu, mchana, na umfute upesi.

Mambo manne ya kuacha

La kwanza ni jiko la mkaa chumbani. Linaonekana kama rafiki usiku wa baridi, lakini mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoweza kuua familia nzima usingizini. Hata pale isipoua, moshi na vumbi la majivu huchokoza mapafu ya mtoto. Hali ni hiyohiyo kwa sigara na dawa ya mbu ya kuchoma ndani ya chumba kilichofungwa. Pikia nje au penye hewa, tumia chandarua, na acha dirisha wazi japo upana wa viganja viwili. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mapafu ya mtoto aliyezaliwa mwaka huu hayawezi kungoja mpaka huko.

La pili ni kukata kimeo. Bado wapo wanaowapeleka watoto wenye kikohozi kisichoisha kwa fundi akakate kimeo kooni. Kimeo si chanzo cha kikohozi. Kukikata kunaleta damu nyingi, maambukizi na hata pepopunda, na kuna watoto wamepoteza maisha kwa kutokwa damu.

La tatu ni kumpigisha mtoto mdogo nyungu. Sufuria la maji yaliyochemka chini ya blanketi na mtoto anayerukaruka ni ajali inayosubiri wakati. Mvuke hautibu nimonia, na ngozi ya mtoto huungua haraka kuliko yako.

La nne ni kumfunika mtoto uso, iwe kitandani, kwenye mwendokasi au kwenye pantoni. Mtoto anahitaji hewa, na wewe unahitaji kumwona anavyopumua.

Kadi ya kliniki na watoto wa kuangaliwa zaidi

Toa kadi uisome leo. Tangu mwaka 2013 Tanzania inatoa chanjo ya PCV dhidi ya bakteria wakuu wa nimonia, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo ya pentavalenti, inayotolewa wiki hizohizo, inakinga pia kifaduro na bakteria mwingine wa nimonia. Surua hukingwa katika mwezi wa 9 na wa 18, na ile ya mwezi wa 18 ndiyo inayosahaulika. Kama kuna nafasi tupu, nenda kliniki. Watakuambia kipi bado kinawezekana.

Mtoto mwenye selimundu, pumu, ugonjwa wa moyo, utapiamlo au virusi vya Ukimwi, na aliyezaliwa njiti, hana nafasi ya kungoja. Kwa mwenye selimundu baridi yenyewe inaweza kuamsha maumivu, kwa hiyo kwake sweta si urembo. Akipata homa au akihema, ni hospitali siku hiyohiyo.

Kwa wauguzi na wauza dawa

Tunamaliza kwa maombi mawili. Wauguzi wa kliniki za watoto, mnapopima uzito msimu huu, chukueni dakika moja kila asubuhi muwaonyeshe akina mama mtoto mmoja akihesabiwa pumzi. Mama akiona mara moja, hasahau. Nanyi wauza maduka ya dawa, mteja akiomba antibayotiki ya mtoto, muulizeni kwanza: anapumuaje, na ananyonya? Mkishindwa kujibu hilo pamoja, mwelekezeni kituoni, hata kama mauzo yatapungua.

Nawe mzazi, usingoje mtoto augue ndipo ujifunze. Usiku wa leo, mwanao akiwa mzima na amelala, hesabu pumzi zake kwa dakika moja na uzijue. Siku zikibadilika, utakuwa wa kwanza kujua.